Bakteria Pseudomonas, mara ya kwanza: binti wa miaka 9, Moshi, na dawa ya kuvuta

Mgonjwa ni binti wa miaka 9 kutoka vijiji vya juu ya Moshi. Maelezo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Yanayogusa tiba nimeyaacha yalivyo. Alipofikishwa kliniki ya watoto alikuwa na kilo 18, makohozi mazito ya kijani, na ncha za vidole zilizovimba na kuviringika. Kukohoa kwake hakukuwa na tarehe ya kuanza. Faili lake la zamani lilikuwa nene kuliko la wazee wengi: nimonia, pumu, nimonia tena, kisha dawa za kifua kikuu mara mbili. Mara zote mbili vimelea vya TB havikuonekana, si kwa hadubini wala kwa GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya TB.

Aliyeanzisha dozi ya kwanza simlaumu. Huu ni mkoa wa Kibong'oto, hospitali ambayo vizazi vimeijua kwa kifua kikuu, na mtoto aliyekonda anayekohoa mwezi hadi mwezi lazima afikiriwe TB. Mara nyingi ndiyo hiyo. Ninachokihoji ni dozi ya pili. Mtoto akimaliza miezi yote bila nafuu, na kimelea hakijawahi kuonekana, kurudia dawa zilezile ni kukataa kuuliza swali jipya.

Swali jipya liliulizwa na daktari wa watoto, tena halikuhusu kifua. Aliuliza choo. "Ni cha mafuta, dokta," mama akasema. "Kinaelea, unamwaga maji hakiondoki." Akaulizwa jasho. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeshtukia kwamba jambo la nyumbani lina maana hospitali: binti akishinda juani paji la uso huwa na unga mweupe, na bibi yake humwita mtoto wa chumvi. Kisha likaja la kifungua mimba, aliyefariki wiki ya kwanza tumbo likiwa limevimba, hajapata choo hata mara moja.

Kifua, choo, chumvi, na mtoto mchanga aliyeziba tumbo. Ukiviweka pamoja, pumu na TB havitoshi tena kueleza.

Ugonjwa ni sistiki faibrosisi. Kasoro iko kwenye jeni la CFTR, lililotambuliwa mwaka 1989, ambalo hutengeneza mlango wa kupitisha chumvi kwenye seli. Mlango ukikosekana, ute wa mapafu na wa kongosho huwa mzito na mkavu, na jasho hutoka na chumvi nyingi. Mtoto huupata akirithi jeni bovu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima kabisa. Kipimo cha jasho kilifanyika nje ya mkoa baada ya ukoo kuchangishana nauli, na kloridi ilikuwa juu sana ya kiwango cha 60 mmol kwa lita kinachothibitisha ugonjwa. Kipimo cha vinasaba kilikuwa na kituko chake. Cha kwanza, kilichotafuta kasoro zinazojulikana zaidi Ulaya, hakikuona kitu. Cha pili, kilichosoma jeni zima, kikaikuta 3120+1G>A kwenye nakala zote mbili, kasoro inayofahamika kwa watu wenye asili ya Afrika. Anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu mara nyingi anasoma majibu ya kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu.

Binti akaanzishiwa vimeng'enya vya kongosho, vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta, chumvi ya ziada, na mazoezi ya kifua. Makohozi yake ya kwanza yaliotesha bakteria Staphylococcus aureus, akatibiwa kwa vidonge. Tukakubaliana kwamba kila akija kliniki, awe anaumwa au haumwi, makohozi yaende maabara, na fomu iandikwe wazi ugonjwa alio nao ili wasimrudishie jibu la "vimelea vya kawaida". Ndivyo tulivyoikamata. Alikuja akiwa mzima kwa kipimo chake, anacheza, anakula, hana homa. Maabara ikarudisha Pseudomonas aeruginosa, kwa mara ya kwanza.

Nieleze kwa nini jibu hilo lilitusimamisha sote, wakati mtoto mwenyewe alikuwa anarukaruka kwenye benchi. Pseudomonas ni kimelea cha mahali penye maji: masinki, mifereji, ndoo zisizokauka. Kwenye pafu la mtu asiye na ugonjwa huu hapati pa kukaa. Kwenye ute mzito wa sistiki faibrosisi anapata nyumba. Mwanzoni huwa peke yake peke yake, yu wazi, na dawa inamfikia. Akiachwa hubadilika, hujifunika utelezi wa alijineti na kuishi kwa makundi ndani yake, na hapo hata dawa ambayo maabara inasema inamuua haimmalizi tena. Kuanzia hapo humng'oi tena, mnaishi naye, na pafu linazidi kupungua. Dirisha la kumfukuza lipo mwanzoni, kabla dalili hazijaanza. Kwa hiyo "mtoto hana shida, tumwangalie kwanza" ndilo lingekuwa kosa kubwa kuliko yote.

Kikao kilikuwa kifupi na mezani palikuwa na njia nne.

Ya kwanza, antibaotiki ya tobramycin ya kuvuta, miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 28. Hii ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Marekani waliiruhusu mwaka 1997, na baadaye ikaonekana kwamba kwa maambukizi mapya siku 28 zinatosha, kuongeza hadi 56 hakuleti tofauti ya maana. Ni vichupa 56 vya plastiki, vinavyotakiwa kukaa kwenye friji, na nje ya friji vinavumilia siku 28 tu mahali pasipozidi nyuzi 25. Anayeijua Moshi ya Februari atatabasamu. Ila kilichotuzuia si joto. Hatukuipata kwa bei ya familia hii wala kwa muda tuliokuwa nao.

Ya pili ilitoka kwa daktari kijana, na haikuwa ya kipuuzi: "Gentamicin ipo kila duka la dawa, kwa nini tusiiweke kwenye nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta?" Ni ndugu wa tobramycin, na London walishaandika kuhusu kuivutisha kwa wagonjwa hawa mwaka 1981. Lakini ampuli ya sindano imetengenezwa kwa ajili ya msuli na mshipa. Nyingi zina vihifadhi ambavyo mwilini havina neno, ila kwenye mirija ya hewa iliyokwisha kuvimba vinaweza kuibana papo hapo. Ningeikubali kama pasingekuwa na kingine chochote, kwa ampuli isiyo na vihifadhi, na mbele ya macho yetu. Kingine kilikuwepo.

Ya tatu, kumlaza wiki mbili kwa sindano za ceftazidime na gentamicin. Wengi wetu tulilelewa kuamini kuwa sindano ndiyo tiba kamili na nyingine zote ni za kusogeza siku. Kwa Pseudomonas mpya hilo limejaribiwa. Utafiti wa TORPEDO-CF, uliochapishwa mwaka 2020, uliwagawa wagonjwa makundi mawili: wa sindano siku 14 na wa vidonge vya ciprofloxacin wiki 12, wote wakivuta antibaotiki nyingine, colistin, miezi 3. Sindano hazikushinda. Kwa familia iliyokwisha kuuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya vipimo, kuambiwa kwamba kulazwa hakuongezi kitu ni sehemu ya tiba. Angekuwa na homa, anahema kwa shida, amepungua uzito, ningekuwa wa kwanza kuomba kitanda.

Ikabaki ya nne, ciprofloxacin na colistin ya kuvuta, tiba ambayo Denmark waliifanyia kazi tangu zamani na Uingereza wakaifuata. Mwenzetu anayesimamia matumizi ya dawa hospitalini akaweka pingamizi la haki. Colistin ni dawa ya akiba katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, ya mwisho kabatini, na sisi tunaipeleka nyumbani kwa mtoto anayecheza. Nilimjibu, na bado nasimama hapo, kwamba UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, huletwa na dawa inayotolewa bila sababu au kwa kiwango kisichofika. Hapa sababu ilikuwa na jina na majibu ya maabara. Kiwango ndiyo faida yenyewe ya kuvuta: dawa inatua kwenye ute kwa wingi ambao mshipa haungeweza kuufikisha bila kuumiza figo, huku damuni inaingia kidogo tu. Na tukimwacha Pseudomonas aote mizizi, mtoto huyu atakula antibaotiki za akiba maisha yake yote. Akakubali, kwa sharti kwamba kila kichupa kipite kwenye daftari.

Sasa niingie kwenye kazi yangu, ya famasi, kwa sababu hapa ndipo dawa hii inapoharibikia.

Colistin huandikwa kwa vipimo vitatu tofauti, na vyote vimo madukani duniani. Kuna uniti, kuna miligramu za colistimethate (umbo la dawa lililomo kichupani), kuna miligramu za colistin yenyewe. Uniti milioni 1 ni miligramu 80 za colistimethate. Lakini kichupa kilichoandikwa miligramu 150 kwa mtindo wa Marekani ni miligramu za colistin yenyewe, sawa na takriban uniti milioni 4.5. Daktari akiandika "colistin 80 mg" na famasi ikawa na kichupa cha mtindo ule wa pili, mtoto anapata zaidi ya mara mbili ya alichokusudiwa, na kila mtu kwenye mnyororo amesoma sawasawa. Tulichofanya ni kupiga marufuku miligramu kwenye cheti chake. Uniti milioni 1 asubuhi, uniti milioni 1 jioni, kwa maneno, si sifuri sita zinazofuatana. Tukaagiza vichupa vya milioni moja moja tu ili pasiwepo hesabu ya kugawa. Kwa siku 90 ni vichupa 180, na viliingia kwa mafungu mawili.

Ciprofloxacin nayo ilikuwa na kona yake. Miligramu 20 kwa kilo zilitupa 360, tukampa kidonge kimoja na nusu cha 250, mara mbili kwa siku. Mtaalamu wa lishe alikuwa amemwagiza mama ampe maziwa mengi, jambo sahihi kabisa kwa mtoto wa kilo 18. Mama, kwa akili nzuri, akawa anamezesha kidonge kwa kikombe cha maziwa. Kalisi ya maziwa huishika ciprofloxacin tumboni na sehemu kubwa haiingii mwilini. Tukavitenganisha: kidonge kwa maji alfajiri na tena jioni, maziwa na mtindi mchana, na mtori uendelee kama kawaida.

Dozi ya kwanza ya kuvuta ilifanyika kliniki. Colistin inaweza kubana kifua, na hilo hulitaki litokee mara ya kwanza nyumbani, kilomita nyingi mlimani. Alipuliza spairometa, kifaa cha kupima pumzi, akapewa salbutamol, dawa ya kupanua mirija ya hewa, kupitia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa tako, akavuta dawa, akapuliza tena baada ya nusu saa. FEV1, hewa inayotoka sekunde ya kwanza ya kupuliza, ilitoka lita 1.02 ikawa 0.97. Kushuka huko ni kudogo, tukaendelea. Akasema ladha yake ni ya sabuni. Hilo halina dawa, labda pipi baadaye.

Mpangilio tuliomwandikia mama ulikuwa huu: kwanza salbutamol, kisha mazoezi ya kutoa makohozi, mwisho kabisa antibaotiki. Watu huugeuza bila kujua, kwa kuwa dawa kali huonekana ndiyo ya kutangulia. Ukimvutisha mtoto colistin juu ya kohozi ambalo hajalitoa, ni kupaka rangi ukuta wenye tope: rangi inashika tope, na tope linadondoka nayo. Mtaalamu wa fiziotherapia, wa mazoezi ya tiba, alimfundisha kupuliza kwa mrija ndani ya chupa yenye maji hadi mapovu yacheze, kisha kuhema kwa mdomo wazi, "haa, haa", mara kadhaa, ndipo akohoe. Mapovu aliyapenda. Wadogo zake wa jirani walikuja kuyaangalia, ikabidi tuseme chupa ile ni yake peke yake.

Baada ya wiki chache, mtaalamu huyo na mimi tulipanda kumtembelea. Mazoea yetu ni kumuuliza mama "unatumiaje?" na kuridhika akijibu vizuri. Mara hii tulimwambia, mama, tuonyeshe, sisi tunaangalia tu.

Aliosha mikono vizuri. Akachukua kichupa, akavuta maji ya chumvi kwa sindano, akaingiza, akatikisa kwa nguvu zote kama dawa ya maji ya watoto. Povu likajaa hadi shingoni, na akapata taabu kuinyonya. Nusu ya dozi ilibaki kwenye povu. Colistin haitikiswi. Huzungushwa taratibu kati ya vidole hadi iyeyuke. Halafu nikaona kwenye rafu kikombe kidogo kimefunikwa kisosi.

"Na hiki, mama?"

"Ya jioni hiyo, dokta. Nachanganya zote asubuhi. Jioni umeme si wa kuaminika, na tochi ya simu hainitoshi kuona mistari ya sindano."

Sababu ilikuwa nzuri, na matokeo yake ya hatari. Kilichomo kichupani ni colistimethate, ambayo ni colistin iliyofungwa ili isiwashe. Ikishachanganywa na maji huanza kufunguka yenyewe, na kadiri inavyokaa ndivyo colistin tupu inavyoongezeka, na hiyo huumiza tishu za pafu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili baada ya kifo cha mgonjwa aliyevuta colistin iliyochanganywa kabla. Karatasi ya maelezo ndani ya boksi inasema itumike mara moja, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mimi huvaa miwani kuzisoma.

Kumkemea kusingefaa kitu. Tatizo lilikuwa mwanga. Tuliisogeza dozi ya jioni hadi saa kumi na moja, binti akishatoka shule na jua bado lipo, na ya asubuhi saa kumi na mbili. Kwenye sindano nikachora mstari mnene kwa kalamu ya wino usiofutika pale kwenye mililita 3. Mama akaangalia, akasema, "Huu hata bibi ataweza," na kweli siku za soko bibi ndiye aliyechanganya.

Bibi alikuwa na shaka yake mwenyewe. Ukungu unaotoka kwenye ile mashine ni wa baridi, na kwa bibi wa mlimani baridi alfajiri kifuani ndiyo njia ya nimonia. Alikuwa akifunga madirisha na kumzungushia mtoto kitenge hadi usoni, na jikoni kuni zinawaka upande wa pili. Shikamoo zetu zilipoisha tukaelewana naye hivi: sweta ndiyo, uji wa moto kabla ndiyo, ila chumba kiwe mbali na moshi, dirisha liwe wazi ili wengine wasivute dawa isiyo yao, na kitenge kisifunike mdomo. Mtoto ashike kinywani kile kipande cha plastiki, aufunge mdomo, aheme polepole. Barakoa hupoteza dawa nyingi puani na shavuni.

Kikombe cha nebulaiza kilikuwa kinasuuzwa kwenye beseni la vyombo na kurudishwa kwenye mfuko wa nailoni kingali na maji. Yaani tulikuwa tunamfukuza Pseudomonas kwa mlango wa mbele huku nyuma tumemtandikia. Sasa kina sufuria yake: kinaoshwa kwa sabuni kila baada ya dozi, kinachemshwa dakika 5 mara moja kwa siku, kinakung'utwa na kukauka juu ya kitambaa safi. Mpira wa hewa hauchemshwi. Wodini pia barakoa za nebulaiza huhama kutoka mtoto hadi mtoto kwa kupanguswa tu, na wanaosoma hapa wanajua nazungumzia nini.

Miezi 3 ilipotimia makohozi hayakuotesha Pseudomonas, wala kwenye vipimo vya kliniki zilizofuata. FEV1 ilifika lita 1.19 na uzito kilo 21. Kilo hizo siwezi kuipa colistin; nyingi ni za vimeng'enya na bibi. Hata pafu lenyewe lilipata vitu kadhaa kwa mpigo, na anayetaka kujua kipi kilifanya nini hataambiwa na mtoto mmoja. Ninalolitetea ni dogo zaidi: kama tusingeona povu, kikombe cha jioni na mfuko wa nailoni, na Pseudomonas ikarudi, tungeandika kwamba colistin imeshindwa, na tungepanda dawa ya juu zaidi tukiwa na uhakika kamili.

Dawa mpya zinazorekebisha protini ya CFTR mama alizisikia kwa ndugu aliye Uingereza, akauliza. Zinahitaji protini iwepo ya kurekebishwa, na kasoro ya binti huyu inakata utengenezaji wake mapema mno. Kwake yeye, kwa sasa, kulinda pafu ni makohozi kutoka kila siku na maabara kila kliniki.

Sampuli ya karibuni imeotesha Staphylococcus peke yake. Ukurasa wa mbele wa faili una mpango ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: Pseudomonas ikionekana tena, tiba inaanza wiki hiyohiyo, kwanza tuone mama anavyochanganya, na tobramycin iulizwe bei upya. Ikiendelea kuota licha ya hayo, tutahamia kwenye dawa ya kuvuta ya muda mrefu, ya kumpunguza nguvu tu. Famasi tumeweka akiba ya vichupa vya mwezi mmoja kwa namba yake ya faili, na nimeandika tarehe ya kuisha muda wake kwenye kalenda ya ukutani.